Joto la Oili Katika Motokaa Zenye Turbo

Siku hizi si ajabu, katika Nairobi na katika miji mingine ya Kenya, kuona motokaa ndogo za Kijapani ambazo injini zake zimeongezwa nguvu kupita kiasi kilichowekwa na waliozitengeneza. Nyingi ni Subaru, za aina ya Impreza, Legacy na Forester, zilizoletwa nchini zikiwa zimekwisha kutumika kwao. Mwenye motokaa humwendea fundi, naye humfungia turbo kubwa zaidi, humbadilishia ekzosi na kuongeza msukumo wa hewa, kisha motokaa hutoka gerejini ikinguruma. Baada ya miezi michache baadhi ya motokaa hizo hurudi pale pale zikivutwa kwa kamba. Injini ikifunguliwa, huonekana kwamba beringi za krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, zimesagika. Mwenyewe hulalamika akisema kwamba sindano ya joto ilikuwa katikati siku zote, wala haikupanda hata kidogo. Asema kweli. Lakini sindano aliyokuwa akiitazama ni ya maji, wala si ya oili.

Kwa watu wengi bei ya injini nyingine, hata ikiwa ni ya mtumba, ni akiba ya siku nyingi. Bei ya kipimo cha joto la oili ni ndogo sana ikilinganishwa nayo. Kwa hiyo yafaa kila mwenye motokaa ya namna hii ajue oili yake ina joto gani, joto lipi ni salama, na ni wakati gani ampasapo kuondoa mguu juu ya kanyagio la mafuta.

KAZI YA TURBO

Turbo si kitu kipya. Mhandisi mmoja wa Uswisi, jina lake Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905, na mwaka 1962 motokaa za kwanza za watu binafsi zenye turbo zilianza kuuzwa katika Marekani. Ndani yake mna magurudumu mawili madogo yenye mapanga, nayo yameunganishwa kwa mhimili mmoja. Moshi utokao katika injini, badala ya kupotea bure, hulizungusha gurudumu la kwanza. La pili huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi yaweza kuunguzwa, na hivyo nguvu huongezeka.

Sasa tutazame mahali oili inapopita. Injini ikifanyizwa kazi ngumu, moshi uingiao katika turbo waweza kufika digrii 900 za sentigredi. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Mhimili huo haupaswi kugusana na beringi zake, chuma kwa chuma. Katikati upo utando wa oili tu, mwembamba kuliko unywele wa mtu. Utando huo ndio unaoubeba mhimili, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolichukua joto la turbo na kushuka nalo mpaka katika sampu, lile bakuli la chini ya injini. Hivyo oili ina kazi mbili, kulainisha na kupoza, na kadiri kazi ya pili inavyozidi ndivyo ya kwanza inavyokuwa ngumu.

Jambo jingine lisahauliwalo ni hili. Katika petroli inayounguzwa, kama theluthi moja tu ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kusukuma magurudumu. Iliyobaki yote ni joto, na joto hilo hutoka kwa ekzosi, kwa maji, kwa oili na kwa chuma cha injini. Fundi akiongeza nguvu kutoka farasi 250 hata 350, ameongeza pia joto kwa kadiri hiyo hiyo au zaidi, na huku rejeta ni ile ile ya zamani, na sampu ni ile ile. Watu wengi hulipia nguvu lakini hawakumbuki kulipia njia ya kulitoa joto.

MAJI NA OILI SI KITU KIMOJA

Maji ya injini hutawaliwa. Iko themostati inayoyazuia mpaka yamepata joto la digrii 80 hivi, kisha huyafungulia yapite katika rejeta; iko na feni ya kuyapoza motokaa inaposimama. Tena katika motokaa nyingi za siku hizi sindano ya maji imetengenezwa makusudi ikae katikati, ingawa joto hupanda na kushuka kwa digrii nyingi, ili dereva asisumbuke bure. Ikianza kusogea, mara nyingi mambo yamekwisha kuharibika.

Oili haina ulinzi kama huo. Katika baadhi ya injini za Subaru zenye turbo, watengenezaji wameweka juu ya filta kipozeo kidogo kinachopitisha maji ya rejeta kando ya oili. Ni kitu kizuri, na asubuhi ya baridi husaidia hata kuipasha oili moto. Lakini kimepimwa kwa nguvu za motokaa ilipokuwa mpya, wala si kwa nguvu zilizoongezwa na fundi. Kwa hiyo oili yaweza kupanda digrii 30 juu ya maji, na sindano ya maji isitikisike.

Asubuhi mambo hugeuka. Maji hupata moto kwanza, na oili hufuata dakika kadhaa baadaye. Dereva huona sindano imefika katikati, akafurahi, akakanyaga mafuta, na wakati huo oili yake ingali nzito kama uji.

DIGRII ZENYEWE

Motokaa yenye turbo ikienda safari ya kawaida, oili iliyo katika sampu yapasa kuwa kati ya digrii 90 na 110 za sentigredi. Ikipandishwa mlima kwa nguvu, au ikikimbizwa muda mrefu, kufika 120 si jambo la kutisha, maadamu oili ni nzuri na sindano hurudi chini mara dereva apunguzapo mwendo. Kutoka 120 hadi 130, dereva na ajue kwamba injini inaomba kupumzishwa. Ikipita 130, asikanyage tena mafuta kwa nguvu mpaka ishuke. Ikifika 140 na zaidi, hata kama injini haikutoa sauti yo yote mbaya, na aende pole pole mpaka mwisho wa safari, kisha oili ile imwagwe, kwa maana haiaminiki tena. Ziko oili za sinthetiki zinazoweza kuvumilia digrii 150 kwa muda mfupi, na ziko motokaa za mashindano ziendeshwazo kwa joto kubwa hivyo. Lakini hizo zina mafundi wanaobadilisha oili mara kwa mara na kuzifungua injini kuzikagua. Mtu anayekwenda kazini kwa motokaa yake asijilinganishe nao.

Kwa nini tuogope 130? Jibu limeandikwa juu ya mkebe wa oili, ingawa ni wachache wanaolisoma. Katika alama kama 5W-40, nambari ya mbele yenye herufi W yahusu wakati wa baridi, na nambari ya nyuma yahusu uzito wa oili ikiwa na joto la digrii 100. Chukua oili ya kawaida ya 5W-40. Katika digrii 100 uzito wake ni kama 14, kwa kipimo ambacho wahandisi hukiita sentistoki. Ikifika 120, uzito hushuka mpaka 9 hivi, yaani imekuwa nyepesi kama oili ya nambari 30. Ikifika 140, uzito umebaki chini ya 7, sawa na oili ya nambari 20 au pungufu yake. Wewe ulinunua 40, ukamlipa mwenye duka bei ya 40, lakini beringi zako zinalainishwa na 20. Utando wa oili ukiwa mwembamba kupita kiasi, krenki hugusa beringi, na chuma kikigusa chuma kazi imekwisha.

Tena oili yenye joto jingi huzeeka upesi. Wahandisi hukadiria kwamba kwa kila digrii 10 zinazoongezeka, mwendo wa oili kuharibiwa na hewa huwa karibu maradufu. Kwa hesabu hiyo, oili inayokaa katika digrii 130 huchoka mara nne upesi kuliko ile ya 110. Huwa nyeusi, huacha utando mgumu juu ya vyuma, na katika turbo huganda kuwa makaa ambayo huziba vijia vyembamba. Baadhi ya injini za Subaru zina kichujio kidogo sana cha waya ndani ya bolti ya bomba lipelekalo oili kwenye turbo. Oili iliyoungua ikikiziba, turbo hufa kwa kiu ingawa sampu imejaa.

Wako watu wanaodhani kwamba oili ikiwa baridi sana ndipo iwapo salama. Hapana. Chini ya digrii 80 injini yenye turbo isikanyagiwe mafuta, kwa sababu oili ingali nzito na haifiki upesi mahali panapohitajika. Na motokaa ambayo kila siku huenda mwendo mfupi tu, kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi, oili yake haipati moto wa kutosha kuyafukuza maji na petroli vinavyopenya ndani yake. Baada ya muda oili hiyo hugeuka tope. Motokaa kama hiyo yafaa ipelekwe safari ya nusu saa au zaidi mara kwa mara, mpaka oili ifike digrii 90 na kukaa hapo.

MILIMA YETU NA HEWA YETU

Vitabu vingi vya mambo haya vimeandikwa katika nchi ambazo barabara zake ziko karibu na usawa wa bahari. Kwetu mambo ni mengine, na jambo hili lastahili kuelezwa kwa urefu kidogo.

Kule Mombasa hewa yenyewe, kabla ya turbo kufanya kazi yo yote, hubana kwa karibu pauni 15 katika kila inchi mraba. Nairobi, iliyo juu kwa kadiri ya meta 1,700, hubana kwa karibu pauni 12 tu. Tuseme fundi ameiweka turbo iongeze pauni 15. Mombasa turbo hutoa hewa katika 15 na kuifikisha 30, yaani mara mbili. Nairobi huitoa katika 12 na kuifikisha 27, yaani mara mbili na robo. Kipimo kilichoko mbele ya dereva chasema pauni 15 pale na pauni 15 hapa, lakini turbo ya Nairobi inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa itokayo ndani yake ina moto zaidi. Juu ya hayo, hewa nyepesi ya milimani haiwezi kuondoa joto katika rejeta sawasawa na hewa nzito ya pwani. Basi mtu akisoma kwamba motokaa fulani ya Uingereza au ya Japani ilivumilia msukumo fulani, asidhani kwamba yake itavumilia vivyo hivyo katika Limuru.

Barabara ile ya zamani ipandayo kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, ni mwalimu mzuri wa somo hili. Dereva hujikuta nyuma ya malori yaliyojaa shehena, huenda pole pole katika gia ndogo, kisha hukanyaga mafuta ayapite, halafu hujikuta tena nyuma ya jingine. Injini inafanya kazi ngumu, na upepo wa kuipoza hakuna. Hapo ndipo sindano ya oili hupanda upesi kuliko mahali pengine po pote. Ukiwa na kipimo, itazame kabla ya kumpita mtu. Ikiwa imekwisha kufika 125, subiri, lori halitakukimbia. Kwenye barabara ya Mombasa, upande wa Mtito Andei na Voi, taabu ni ya namna nyingine: jua ni kali, na mwendo ni wa muda mrefu bila kupumzika, hata joto la oili hupanda kidogo kidogo pasipo dereva kujua.

KIPIMO NA MAHALI PAKE

Kipimo cha joto la oili huwa na kijiti kidogo kinachotiwa katika oili. Mahali kinapotiwa ni jambo kubwa. Kikiwa katika sampu, au katika njia ya oili kabla haijapozwa, chasema kweli ya kutosha. Kikiwekwa baada ya kipozeo, kitaonyesha oili iliyokwisha kupoa, na mwenye motokaa atafarijika kwa habari isiyo kamili. Tena ijulikane kwamba ndani ya beringi zenyewe oili ina moto zaidi kuliko ilivyo katika sampu, kwa hiyo 130 ya kipimo si 130 ya beringi. Ndiyo sababu twasema dereva aache nafasi.

Kipimo cha joto peke yake hakitoshi. Kiwe pamoja na kile cha msukumo wa oili. Mafundi wengi hufuata kanuni hii, kwamba injini ikiwa moto, msukumo wa oili usipungue pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000. Katika mizunguko 4,000 basi ziwe pauni 40 au zaidi. Joto likipanda na msukumo ukashuka chini ya hapo, usihesabu digrii tena, achilia mafuta. Kipimo kikiwa kimefungwa, mwenyewe na aandike kwa wiki mbili au tatu joto la motokaa yake katika safari zake za kila siku. Akiijua kawaida yake, siku itakapobadilika ataona mara moja.

REJETA YA OILI

Motokaa iliyoongezwa nguvu nyingi, na ambayo oili yake hupita 120 mara kwa mara, haina budi kufungiwa rejeta ya oili. Iwekwe mbele ambapo upepo unaipiga, wala isifichwe nyuma ya nambari ya motokaa, na matope yaoshwe kila baada ya safari ya barabara ya vumbi. Pamoja nayo pawe na themostati ya oili, ifungukayo kati ya digrii 80 na 95. Wengine huiacha ili kupunguza gharama, na matokeo yake ni kwamba asubuhi ya mwezi wa Julai katika Limuru au Nyahururu oili haipati moto hata kidogo.

Lililo kubwa zaidi ni mabomba yake. Mafundi wengine hutumia mpira wa kawaida wa maji na vibano vya bei rahisi. Mpira huo hulainishwa na oili ya moto, kisha siku moja hupasuka, na oili yote ya injini humwagika barabarani katika muda mfupi kuliko wa kuhesabu hadi mia. Hapo injini huharibika, na hilo bado ni dogo. Oili ikirukia nyumba ya turbo iliyoiva mpaka ikawa nyekundu, huwaka moto. Mabomba yawe ya kufaa kwa oili na kwa joto, yafungwe mbali na ekzosi na mbali na pembe za chuma. Mwenye motokaa ya namna hii awe na kizima moto ndani, mahali anapoweza kukifikia akiwa amekaa.

OILI YENYEWE

Kwanza ijazwe sawasawa. Sampu iliyopungua lita moja ina oili chache zaidi ya kubeba joto lile lile, na injini zenye turbo hupenda kula oili. Kijiti kitazamwe kila wiki, motokaa ikiwa mahali tambarare. Kuijaza kupita alama nako si vyema, kwani krenki huipiga oili ikawa povu. Oili ikinuka petroli kwa nguvu, pengine injini inapewa petroli nyingi mno, na oili imekuwa nyepesi hata kabla ya joto kuizidi, fundi aipime.

Juu ya aina ya oili, ufuatwe kwanza ushauri wa mtengenezaji. Injini iliyoongezwa nguvu mara nyingi huhitaji nambari moja zaidi, mathalan kutoka 30 kwenda 40, au 50 kwa ile inayokimbizwa sana. Lakini oili nzito si dawa ya joto. Anayetia nambari 60 kwa sababu ya kuogopa kipimo ameficha ugonjwa, na asubuhi ataitesa injini yake kwa oili isiyopita. Inunuliwe kwa muuzaji anayejulikana, mkebe ukiwa na muhuri wake.

Mwisho wa safari ngumu, dereva aende pole pole kwa kilometa chache za mwisho, kisha aiache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Turbo nyingi za siku hizi hupozwa kwa maji pia, hivyo hatari si kubwa kama zamani. Hata hivyo kuizima ghafla baada ya kupanda mlima huiacha oili imesimama ndani ya chuma chenye moto mkali, nayo hugeuka makaa.

Motokaa iliyoongezwa nguvu ibadilishwe oili kila kilometa 5,000 au kabla ya hapo. Filta ya zamani isitupwe upesi. Fundi aikate kwa uangalifu, akunjue karatasi yake na kuitazama juani. Oili nyeusi ni jambo la kawaida. Vikionekana vipande vidogo vinavyong'aa, vya rangi ya shaba au ya fedha, ni vya beringi. Injini hiyo isiwashwe tena mpaka sampu imefunguliwa.